Niliandika "not fresh" kwa nia njema, mzigo ukakataliwa. Naomba kueleweshwa neno "fresh"

MuuzaSato_Kirumba

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada wa Kiingereza, tena nisaidiwe kwa utulivu, maana jambo lenyewe limenigharimu.

Nauza samaki kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, huu ni mwaka wa 11. Zaidi ni sato, na sangara wadogo wa kilo moja hadi mbili nikiwapata. Nilianza na beseni kichwani, sasa nina madeli mawili na vijana wawili wa kupeleka mzigo. Tangu mwaka jana napeleka samaki kwenye hoteli moja ya wageni, jina naliacha, mara 3 kwa wiki. Shefu wao ni mgeni, Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo tunaandikiana Kiingereza kwenye simu. Changu ni cha kidato cha nne cha zamani. Kwa kilo, bei na saa kinanitosha.

Jumanne iliyopita ziwa lilichafuka usiku kucha. Mitumbwi ya Igombe na Kayenze haikutoka. Asubuhi mwaloni palikuwa na samaki wa jana tu, waliolala kwenye barafu. Walikuwa wazuri: macho yanang'aa, matamvua mekundu, ukibonyeza nyama inarudi. Lakini sisi huku tukisema samaki freshi tunamaanisha aliyetoka majini alfajiri hiyo hiyo, hajagusa barafu. Aliyelala tunamwita wa barafu, na bei yake ni nyingine. Sijawahi kumuuzia mtu wa barafu kwa bei ya freshi na sitaanza leo. Basi nikamwandikia shefu:

"Good morning. Today fish is not fresh. Is fish of ice. Price down 1,500 for kilo. I bring 30 kilo?"

Akanijibu kwa ukali kwamba hawezi kuwalisha wageni samaki ambaye si "fresh", na kwamba ameshangaa nimethubutu hata kumtajia. Mzigo wote akaukataa. Kilo 30 nilikuwa nimeshazinunua, nikawaachia mama wa kukaanga kwa hasara. Niliumia, na si kwa sababu ya fedha tu. Nimeonekana mtu wa kuuza uozo wakati nilikuwa nasema kweli.

Kuna jingine la wiki mbili kabla ya hapo. Aliniandikia: "Are you fresh out of tilapia?" Nikaona "fresh", nikaona "out", nikaona "tilapia", nikajua anauliza kama nina sato waliotoka ziwani sasa hivi. Nikamjibu: "Yes, fresh out! Very fresh!" Nikakaa na kilo 20 nikisubiri aseme nilete. Kimya. Jioni kijana wa jikoni akaniambia shefu amechukua kwa mtu mwingine, kwa sababu eti mimi nimesema sina.

Binti yangu wa kidato cha pili anasema wamefundishwa "fresh" ni "mbichi". Kamusi ndogo tuliyonayo nyumbani inasema "mbichi" ni "raw". Sasa samaki wangu ni "fresh" au ni "raw"? Na ziwa letu wanasema ni "fresh water" hata siku ambazo pale ufukweni maji yamekuwa ya kijani. Na vijana wote wa mjini wako "freshi". Anayelijua neno hili vizuri anieleze, ikiwezekana kwa mifano ya samaki, ndiyo kazi ninayoijua.


Kijana_Buzuruga

Pole sana mama. Mimi ni wa bodaboda, sina Kiingereza kingi, ila hilo la "niko freshi" naweza kukusaidia. Nilikuwa nikiulizwa na wageni "How are you?" najibu "I am fresh." Walikuwa wananitazama tu. Dada mmoja wa mapokezi akaja kunielekeza: kwa wenzetu mtu akisema "I feel fresh" anamaanisha amepumzika, hana uchovu, labda katoka kulala au kuoga. Hali nzuri ni "I'm fine" au "I'm good". Freshi yetu ya mtaani ibaki mtaani.


Mwalimu_Nansio

Mwanangu, pole. Nimefundisha Kiingereza miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa hapa Ukerewe, na nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Kilichokuumiza si sarufi. Ni jambo ambalo darasani tunalipita haraka: kivumishi hujulikana kwa kinyume chake. "Fresh" ina vinyume vingi, na ile nomino iliyokaa jirani yake ndiyo inayochagua ni kipi.

Tuanze na Kiswahili chetu, maana "-bichi" nayo iko hivyo hivyo. Ndizi mbichi haijaiva. Nyama mbichi haijapikwa. Kuni mbichi hazijakauka. Nguo mbichi bado zina maji. Neno ni moja na hakuna anayepotea, kwa kuwa ndizi, nyama, kuni na nguo zimeshatuonyesha njia. Ukizipeleka kwenye Kiingereza kila moja inachukua neno lake: ndizi ni "green" au "unripe", nyama ni "raw", kuni ni "green", nguo ni "damp". Angalia, hakuna hata moja iliyokuwa "fresh". Ukimwambia Mwingereza "fresh clothes" anaona nguo safi zilizofuliwa na kukauka, wala haoni zile zinazochuruzika kwenye kamba.

Kwa hiyo mwalimu wa binti yako kasema kweli, na kamusi yenu imesema kweli, ila hakuna aliyemaliza. Samaki mbichi ukimlinganisha na aliyepikwa ni "raw". Ukimlinganisha na aliyekaa siku nyingi, au mkavu, au wa kopo, ni "fresh". Samaki aliyeoza na hajaingia jikoni bado ni "raw", lakini si "fresh" hata kidogo. Sato uliyemvua leo ukimkaanga hayuko "raw" tena, na mgeni mezani anaweza kumsifu, "This fish is so fresh." Mayai vivyo hivyo: "raw eggs" hayajachemshwa, "fresh eggs" yametagwa karibuni. Usiiandikie hoteli "raw fish" ukimaanisha samaki wa leo. Wako wageni wanaokula samaki bila kumpika kabisa, shefu atadhani unazungumzia hao.

Sasa tazama nomino zinavyochagua. Mkate usiokuwa "fresh" ni "stale", yaani umekaa ukakakamaa. Hewa ya chumba kilichofungwa nayo ni "stale". Maziwa: sisi tunasema maziwa freshi tukiyatenga na mtindi, na Kiingereza kinakubali, "fresh milk" na upande wa pili "sour milk". Matunda "fresh" yanatengwa na ya kopo au makavu. Ushahidi mpya mahakamani ni "fresh evidence", hapo kinyume chake ni ule wa zamani, hakuna harufu inayohusika.

Na samaki? Samaki ndiye mgumu, kwa sababu ana vinyume viwili vilivyo mbali mno: "frozen", ambaye ni samaki mzima wa halali, na "rotten", ambaye ni wa kutupa. Ukisema "not fresh" ukaishia hapo, msikilizaji anachukua kile kibaya zaidi. "The fish is not fresh" kwa Kiingereza ndiyo namna ya heshima ya kusema samaki ameharibika. Mgeni asiyetaka kumtukana mwenye hoteli huyatumia maneno hayo hayo. Lakini ukikitaja kinyume chenyewe, ubaya unaondoka: "It isn't fresh, it's frozen." Hapo hakuna anayekasirika. Wewe ulijaribu kukitaja, uliandika "fish of ice", na nia yako naiona kabisa. Bahati mbaya "fish of ice" haipo katika Kiingereza, kwa hiyo shefu alibaki na "not fresh" mkononi.

Ungemwandikia hivi: "No boats went out last night because of the weather. I have tilapia caught yesterday and kept on ice. The quality is good." Neno la kushika ni "on ice".

Hilo la "fresh out of" ni mtego, na watu wenye shahada huanguka humo. "We are fresh out of bread" maana yake mkate umetuishia sasa hivi, na Wamarekani ndio wanaoupenda zaidi usemi huu. Lakini "bread fresh out of the oven" ni mkate uliotoka kwenye tanuri sasa hivi, bado una moto. Utazijuaje? Tazama kilichokaa baada ya "of". Kikiwa ni bidhaa yenyewe, imekwisha. Kikiwa ni mahali kitu kilipotoka, ndiyo kwanza imefika. "Fresh out of tilapia": sato wameisha. "Tilapia fresh out of the lake": sato ndio wametoka ziwani. Shefu alikuuliza kama umeishiwa, ukamjibu ndiyo, tena kwa nguvu. Mtu wa haki asingekuhesabia hilo kuwa kosa.

La maji nalo lina raha yake. Katika Kiingereza cha kale neno hili, wakati huo likiandikwa "fersc", lilitumika kwa maji yasiyo na chumvi, yanayofaa kunywewa. Maana nyingi tunazozijua leo zilikuja baadaye, na umbo la sasa lilipita kwanza kwenye Kifaransa. Kwa hiyo ukisema "Lake Victoria is a freshwater lake" unalitumia kwa maana yake ya zamani sana. Linasema hakuna chumvi, basi. Maji ya kijani pale ufukweni ni "fresh water" vile vile. Ukitaka kusema ni safi kuna "clean", ukitaka kusema yanafaa kunywa kuna "safe to drink". Kwa maana hii likiwa mbele ya nomino huandikwa pamoja, "freshwater fish", na peke yake huandikwa mbali, "fresh water".

Vitabu vyetu vya Kiswahili vinaita hayo "maji baridi", na vijana wangu wengi kwenye mitihani waliandika "cold water fish" kwa samaki wa maji baridi. Hao ni samaki wengine, wa mito na bahari zenye ubaridi hasa. Ziwa letu juu lina nyuzi 24 na kuendelea, nani ataliita baridi?

Kuhusu umbo lake ni rahisi: "fresher", "freshest", hatusemi "more fresh". Na jihadhari na "fresh with". Mtu akikuambia "Don't be fresh with me" anasema umemkosea adabu.


Minofu_Igogo

Shikamoo mwalimu. Dada wa Kirumba, pole. Naongeza kitu kutoka upande wangu. Nilifanya kazi miaka 6 kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, kitengo cha ubora, na neno hili tulilishika kila siku kwenye karatasi za mzigo.

Kwenye biashara ya samaki "fresh" maana yake ni samaki ambaye HAJAGANDISHWA. Barafu haimwondolei u-fresh. Barafu ndiyo inayomlinda! Sangara akitoka mtumbwini anawekwa kwenye barafu, anafika kiwandani, anatolewa minofu, minofu inapoozwa mpaka karibu na nyuzi 0, inapandishwa ndege kwenda Ulaya, na boksi limeandikwa "fresh" au "chilled". Ile iliyogandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi ndiyo "frozen", hiyo inapanda kontena na kusafiri kwa meli. Mteja akipewa iliyogandishwa ikayeyushwa halafu ikaitwa "fresh", amedanganywa, lazima aambiwe "defrosted" au "previously frozen".

Maana yake, dada yangu, sato wako wa Jumanne waliolala usiku mmoja kwenye barafu walikuwa "fresh" kwa vipimo vya huyo shefu mwenyewe. Macho yanang'aa, matamvua mekundu, nyama inarudi, hivyo ndivyo hata sisi tulivyokagua. Kipimo cha Mwaloni ni kikali kuliko cha Kiingereza. Wewe ulimvulia samaki wako cheo ambacho alikuwa nacho.


Mwalimu_Nansio

Marahaba. Upande huo wa kiwandani sikuujua, nashukuru. Basi narekebisha nilichosema juu: mfano wangu wa "It isn't fresh, it's frozen" unabaki, lakini samaki wa barafu asiingizwe humo.


MuuzaSato_Kirumba

Shikamoo mwalimu. Nimesoma yote, na nimemsomea binti yangu. Sehemu ya kuni mbichi na nguo mbichi ameiandika kwenye daftari.

Kaka wa Igogo, maneno yako yameniondolea kitu kifuani. Ila nina shida moja. Kama wa leo na wa jana wote ni "fresh", nitazitengaje bei mbili? Mimi nataka mteja ajue analipia nini. Sitaki kujificha nyuma ya neno kwa sababu tu linaniruhusu.

Na nina swali la dagaa. Dada yangu ananika dagaa, wanaovuliwa usiku kwa karabai. Wakianikwa leo na kukaukia leo, anawaita dagaa freshi, tofauti na waliokaa gunia mwezi mzima. Anataka kuchora ubao wa "FRESH DAGAA" pale dukani. Je, ni sawa?


Minofu_Igogo

Bei zitenge kwa saa, dada. Kiwandani hatukubishana kuhusu kivumishi, tuliandika tarehe ya kuvuliwa. "Caught this morning." "Caught yesterday, kept on ice." Tarehe haina tafsiri mbili.


Mwalimu_Nansio

Naam, sikiliza hilo.

Ubao wa dada yako usubiri kidogo. Dagaa mkavu si "fresh", hata awe amekauka dakika hii, kwa sababu kwenye dagaa kinyume cha "fresh" ni "dried". Mgeni akisoma "FRESH DAGAA" ataingia akitegemea wale wabichi wanaong'aa kama sindano. Lakini Kiingereza kinampa dada yako njia ya kusema anachotaka: "freshly". Hicho ni kielezi, kinasema tendo limefanyika punde tu, bila kujali ni tendo gani. "Freshly caught fish", ndiyo kwanza wamevuliwa. "Freshly baked bread", ndiyo kwanza umeokwa. Na "freshly dried dagaa", wamekauka punde, na ni kweli tupu. Kwa hiyo kitu kinaweza kuwa "freshly dried" na kisiwe "fresh". Hapo wanafunzi wangu walikuwa wakisimama kuniuliza mara ya pili, na sikuwahi kuwalaumu.

Kama wateja wake ni wa kutoka Kenya au Uganda, neno dagaa lenyewe huenda likawapiga chenga kabla ya hicho kivumishi. Kule ni omena, kule ni mukene.


MuuzaSato_Kirumba

Nimeelewa. Ubao utakuwa "FRESHLY DRIED DAGAA – OMENA – MUKENE". Mchoraji analipwa kwa herufi, ila dada amekubali.

Sasa nimetunga ujumbe wa shefu wa kesho alfajiri. Mwalimu naomba unikagulie kabla sijautuma:

"Good morning Chef. Last Tuesday I used a wrong word. The fishes was not bad. They were caught on Monday and kept on ice. Today I have two kinds. 25 kg tilapia freshly caught this morning. 10 kg tilapia caught yesterday, kept on ice, price less 1,500 per kilo. Which one do you want?"


Mwalimu_Nansio

Vizuri sana. Vidogo vitatu tu. "The fishes was" iwe "the fish were". Samaki wengi wa kuliwa huitwa "fish", wingi haubadiliki. "A wrong word" iwe "the wrong word", Kiingereza huliona kosa la neno kama jambo lililo wazi kwa wote wawili. Na "price less 1,500" iandike "1,500 shillings less per kilo". "Freshly caught this morning" iache ilivyo, ingawa "caught this morning" peke yake ingetosha.

Ile sentensi ya kwanza kuhusu Jumanne, usiifute. Nilifikiri nikushauri uifute, nikaona hapana.


MuuzaSato_Kirumba

Nimetuma saa 12 na robo asubuhi hii, mtumbwi wa Igombe ukiwa ndio unashusha. Nilimpigia picha na matamvua.

Amejibu saa 1 kasoro: "Thank you for explaining. I'll take both. Gutted, before 9."

"Gutted" naijua, ni kutoa matumbo. Kilo 35, na vijana ni wawili tu. Ngoja nishike kisu. Wabeja sana mwalimu, wabeja kaka wa Igogo.